Ruger 10/22: Bunduki ya bei ndogo, faida iko kwenye spea

Na Mwandishi Wetu

MWENYE duka la spea pale Kariakoo anajua jambo ambalo muuza magari hulisahau: gari huuzwa mara moja, lakini spea zake huuzwa miaka thelathini. Soko la bunduki ndogo nchini Marekani ni ushahidi mzuri wa ukweli huo. Wiki hii ukurasa huu unaitazama bidhaa moja tu, bunduki ya Ruger 10/22, ambayo biashara ya vifaa vyake imewapa watu riziki kuanzia viwanda vikubwa hadi karakana za kifamilia.

Bunduki hiyo iliingia sokoni mwaka 1964 kwa bei ya dola 54.50. Ni nyepesi, ina uzito wa takriban kilo 2.3, na hutumia risasi ya pointi 22, ile inayoitwa rimfaya kwa sababu baruti yake huwashwa kwa kugongwa ukingoni mwa kitako cha ganda. Ni nusu-otomatiki: kila unapovuta triga hutoka risasi moja, kisha bunduki hujipakia nyingine yenyewe. Magazini yake ya kawaida hubeba risasi 10, zikiwa zimepangwa kwa mzunguko ndani ya kijisanduku kisichochomoza nje.

Zimeuzwa zaidi ya milioni 5. Huko Marekani hutumika kufundishia vijana shabaha, kuwinda wanyama wadogo kama sungura na kindi, na kwenye mashindano. Sifa yake kubwa ni kwamba haisumbui. Lakini kwa mfanyabiashara, sifa iliyo kubwa zaidi ni kwamba wenye bunduki hii hawaachi kuinunulia vitu.

KWA NINI HII NA SI NYINGINE?

Swali hili ni la msingi, kwa sababu Ruger haikuwa peke yake sokoni. Mshindani wake mkuu, Marlin Model 60, alitangulia mwaka 1960, kwa kawaida aliuzwa kwa bei ya chini zaidi, na akauza bunduki zaidi ya milioni 11. Kwa hesabu ya mauzo, Marlin alishinda. Hata hivyo, ukitafuta spea za kuboresha Marlin utapata chache, na ukitafuta za Ruger utachoka kuchagua.

Sababu ya kwanza ni muundo. Mtutu wa 10/22 umeshikwa na skrubu mbili tu. Triga pamoja na vyuma vyake vyote imo ndani ya kasha moja linaloshikiliwa na pini mbili. Mwenye bunduki anaweza kubadili vyote viwili mezani kwake bila kumlipa fundi. Marlin, kwa upande wake, ana mtutu uliokazwa kiwandani na bomba la risasi lililolala chini ya mtutu huo. Hakualika mkono wa mtu mwingine.

Sababu ya pili ni sheria. Nchini Marekani, sheria ya silaha ya mwaka 1968 inataka biashara ya bunduki ipite kwa wauzaji wenye leseni. Lakini kinachohesabiwa kuwa bunduki ni ile bodi yenye namba ya usajili peke yake. Mtutu, triga, kitako cha mbao na bolti si bunduki kisheria, kwa hiyo kwa sheria ya shirikisho huagizwa na kuletwa kwa posta kama vifaa vingine. Muuza spea hahitaji leseni ile ya muuza bunduki, na mtaji wa kuanzia unakuwa mdogo.

Sababu ya tatu ni vipimo kutobadilika. Vipimo vya msingi vimebaki vile vile tangu mwaka 1964, hivyo kifaa kinachotengenezwa leo kwa kawaida huingia kwenye bunduki ya zamani. Mwenye kiwanda cha mitutu anapowasha mashine yake, halengi wanunuzi wa mwaka huu tu. Analenga bunduki zote ambazo bado zipo majumbani.

PENGO LILILOACHWA WAZI

Kwa miaka mingi kampuni ya Sturm, Ruger yenyewe haikuichangamkia sana biashara hii. Mwanzilishi wake, William Ruger, aliyeianzisha mwaka 1949 pamoja na Alexander Sturm, hakupenda magazini kubwa ziuzwe kwa raia. Mwaka 1989 aliwaandikia wajumbe wa Bunge la Marekani akipendekeza magazini ziwekewe kikomo cha risasi 15. Kwa msimamo huo, magazini za 10/22 za risasi 25 na zaidi zikawa biashara ya watu wengine kama Butler Creek.

Wengine nao walikuja. Volquartsen ya Carroll, Iowa, ilijenga jina kwa triga na mitutu ya mashindano. Green Mountain ya New Hampshire iliuza mitutu. Kidd ya Texas iliwalenga watu wa shabaha wasiojali bei, na Hogue na Magpul waliingia na vitako vya plastiki na mpira.

Mzee Ruger alifariki mwaka 2002. Mwaka 2011 kampuni yake ikatoa magazini yake ya risasi 25, na baadaye ikatoa triga iliyoboreshwa inayoitwa BX, inayouzwa kwa chini ya dola 100. Mwenye mali alirudi kudai sehemu ya soko ambalo wengine walikuwa wamelilima kwa miaka mingi. Nao wengine walikuwa wamesonga mbele: kwa kuwa hataza za zamani zimekwisha muda wake, sasa wapo wanaotengeneza bodi nzima ya mfano wa 10/22, kiasi kwamba mtu anaweza kuunda bunduki kamili bila kipande hata kimoja cha Ruger.

MNUNUZI AANZIE WAPI?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Orodha ya vifaa ni ndefu, na muuzaji hatakuambia kipi hukihitaji. Mpangilio ufuatao unafuata kanuni moja: kwanza kile kinacholeta mabadiliko makubwa kwa dola chache. Bei ni za makadirio katika maduka ya Marekani.

Risasi. Uboreshaji wa kwanza si kifaa. Kila mtutu wa pointi 22 una aina ya risasi unayoipenda, na njia pekee ya kuijua ni kununua pakiti tano au sita za aina mbalimbali na kuzipima kwenye shabaha. Gharama haifiki dola 60. Wengi hununua mtutu mpya kabla ya kufanya jaribio hili, kisha wakagundua kuwa tatizo halikuwa mtutu.

Pini ya kuzuia bolti. Kiwandani huwekwa ya chuma, na bolti huigonga kila risasi inapotoka. Ya plastiki ngumu huuzwa takriban dola 10. Hupunguza kelele na mshtuko ndani ya bodi. Haiongezi shabaha, ila kwa bei hiyo hakuna wa kulalamika.

Kifungulio cha bolti. Kwenye matoleo mengi, kuirudisha bolti mbele baada ya kuifunga nyuma kunataka vidole vya mpiga kinanda. Kibati kilichorekebishwa, ambacho nacho ni kama dola 10, kinamaliza kero hiyo: unaivuta bolti nyuma na kuiachia.

Triga. Hapa ndipo thamani kubwa ilipo. Triga ya kiwandani huvutwa kwa uzito wa takriban kilo 2.5 au zaidi, yaani zaidi ya uzito wa bunduki yenyewe. Mpiga shabaha anapoivuta kwa nguvu hiyo, mtutu hucheza. Triga ya BX huvutwa kwa kilo 1.25 hivi. Zipo za Kidd na wengine zinazofikia dola 300, na ni nzuri kweli, lakini kwa mtu asiyeshindana tofauti kati ya dola 80 na dola 300 ni ndogo kuliko tofauti kati ya triga ya kiwandani na ile ya dola 80. Triga nyepesi kupita kiasi ni hatari, hasa kwa mwanafunzi.

Darubini. Bodi ya 10/22 hutoka kiwandani ikiwa na matundu ya kufungia kishikio cha darubini. Darubini ya dola 100 inatosha kabisa kwa umbali wa mita 50, ambako bunduki hii hufanya kazi yake nyingi.

MTEGO WA MTUTU MNENE

Baada ya hapo mnunuzi hufika kwenye mtutu, na hapa ashike mfuko wake vizuri. Mitutu ya shabaha huwa minene, kipenyo cha inchi 0.920, wakati wa kiwandani ni mwembamba. Mtutu mnene hauingii kwenye kitako cha zamani. Kwa hiyo mtu anayenunua mtutu wa dola 200 analazimika kununua na kitako cha dola 150. Mtutu huo pia hauna alama za kulengea, hivyo darubini si hiari tena. Bunduki iliyokuwa nyepesi imekuwa nzito, na mtoto aliyenunuliwa hawezi kuinyanyua.

Tupige hesabu. Bunduki mpya ni takriban dola 300. Pini, kifungulio, triga ya BX na darubini ni dola 200. Jumla ni dola 500, na mwenyewe ana bunduki iliyo tofauti kabisa na ile aliyoitoa dukani. Akiongeza mtutu na kitako anafika dola 850. Akiendelea na bolti na triga ya kifahari anavuka dola 1,000, ambazo zingemkaribisha kwenye bunduki ya Volquartsen iliyotoka kiwandani ikiwa kamili.

Siku ya kuuza, mambo ni magumu zaidi. Mnunuzi wa bunduki ya mitumba hulipia bunduki. Halipii ndoto za mwenye nayo wa kwanza. Wenye uzoefu hutunza vipande vya kiwandani kwenye sanduku. Wakitaka kuuza huvirudisha, bunduki ikauzwa kwa bei yake na vifaa vikauzwa kimoja kimoja.

Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye orodha yoyote. Risasi za bei nafuu huuzwa kwa takriban senti 8 moja. Mtu anayepiga risasi 5,000 kwa mwaka ametumia dola 400, zaidi ya bei ya bunduki. Faida ya anayeuza risasi haikomi.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Je, mwenye akiba kidogo anaweza kuingia kwenye soko hili kwa kununua hisa? Kwa upande wa spea, si rahisi: watengenezaji wengi wa vifaa hivi ni kampuni binafsi zisizouza hisa hadharani. Inayopatikana kwenye Soko la Hisa la New York ni Sturm, Ruger yenyewe, kwa alama ya RGR.

Mwekezaji asome takwimu zake kwa utulivu. Mwaka 2021, watu waliponunua silaha kwa wingi baada ya hofu ya korona na misukosuko ya kisiasa, Ruger iliuza mali ya dola milioni 730.7 na kupata faida halisi ya dola milioni 155.9. Mwaka 2024 mauzo yalikuwa dola milioni 535.6 na faida dola milioni 30.6. Mauzo yalishuka kwa asilimia 27, faida ikashuka kwa asilimia 80. Mashine, majengo na mishahara havipungui kwa kasi ya wateja.

Aidha, Ruger ina desturi ya kutoa gawio la takriban asilimia 40 ya faida ya kila robo mwaka. Faida ikipanda gawio hupanda, ikishuka nalo hushuka. Aliyenunua hisa mwaka 2021 kwa kuvutiwa na gawio la mwaka huo alinunua bei ya msimu wa mavuno.

Marlin naye? Alinunuliwa na Remington, na Remington ilipofilisika mwaka 2020, Ruger iliichukua Marlin kwa takriban dola milioni 30. Jina lililouza bunduki zaidi ya milioni 11 liliishia mikononi mwa mshindani wake.

TAHADHARI NA USHAURI

Msomaji asidhani kuwa kilicho huru kule ni huru huku. Hata Marekani kwenyewe, majimbo kama California na New York hayaruhusu magazini ya zaidi ya risasi 10, na vipande vya bunduki vinavyotoka nje ya nchi hiyo vinasimamiwa na sheria za udhibiti wa mauzo ya nje. Kwetu, silaha na risasi zinatawaliwa na sheria ya mwaka 2015. Triga ndani ya kifurushi cha nguo si spea ya baiskeli, ni kesi.

Somo lililo halali kwa kila mmoja ni hili. Kabla ya kuchagua bidhaa ya kuuza, tafuta kitu kilicho imara, kilichouzwa kwa wingi, ambacho vipimo vyake havibadiliki na ambacho mwenyewe anaweza kukifungua kwa bisibisi. Kiwe cherehani, pampu ya maji au pikipiki, kitu cha namna hiyo kitaendelea kuhitaji vifaa muda mrefu baada ya aliyekiuza kufunga duka. Anza na kifaa cha bei ndogo kinachoondoa kero kubwa. Vile vya kifahari waachie wenye mtaji wa kusubiri.