Uchovu Hauna Tembe Moja

Katika kemisti nyingi za Thika na Ruiru, uchovu hupewa dawa kabla haujaulizwa chanzo. Mteja husema mwili umelegea, miguu ni mizito, halali akatosheka. Huondoka na karatasi ya tembe za mchanganyiko wa vitamini B, au huomba mwenyewe achomwe "sindano ya nguvu". Si ajabu. Viwanda vya Thika huendeshwa kwa zamu za mchana na usiku, na wakazi wengi wa Ruiru hupanda matatu alfajiri kuelekea Nairobi, wakarudi giza limeshaingia. Mtu wa ratiba kama hiyo hutaka kitu cha kumwezesha kufika kazini kesho. Lakini dawa iliyotokana na vitamini hutibu upungufu wa vitamini hiyo, haitibu kila uchovu, na atakayeitumia kwa usalama lazima aanze na swali moja: je, ninapungukiwa nayo kweli?

Historia ya vitamini B1 inaeleza sababu. Katika miaka ya 1880 daktari Takaki Kanehiro alibadilisha chakula cha mabaharia wa jeshi la majini la Japani, waliokuwa wakila wali mweupe kwa wingi, na ugonjwa wa beriberi, ambao huletwa na upungufu wa B1 na uliokuwa ukiwadhoofisha na kuwaua, ukapungua mno. Mholanzi Christiaan Eijkman, akifanya kazi Java, aligundua kwamba kuku waliolishwa mchele uliokobolewa walilegea miguu, na wakapona walipopewa usiokobolewa. Utafiti huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Baadaye wanasayansi wa Japani walitengeneza dawa kadhaa kutokana na B1. Mojawapo ni sulbutiamini, molekuli mbili za vitamini hiyo zilizounganishwa ili ziyeyuke katika mafuta na kufika kwenye ubongo kwa urahisi zaidi. Huuzwa katika nchi kadhaa kama dawa ya uchovu. Kwa maelezo hayo mtu angetarajia makubwa, ila mwaka 1999 madaktari wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 300 waliobaki wachovu baada ya maambukizi. Mwishoni mwa wiki nne, waliomeza dawa hawakuonyesha tofauti ya maana na waliomeza tembe tupu zisizo na dawa. Wengi wa pande zote mbili huweza kupata nafuu katika majaribio ya aina hii, kwa kuwa uchovu una tabia ya kupungua wenyewe na matumaini nayo yana nguvu zake. Kwa hiyo anayesema "mimi nilimeza nikapona" huenda anasema kweli tupu, na bado tembe isiwe ndiyo iliyomponya.

Wapo watakaojibu kwamba hata kama haisaidii, haidhuru: vitamini ni chakula, na ziada hutoka na mkojo. Kwa B1 ya kumeza, jibu hilo lina ukweli kiasi, ingawa sindano yake, kwa nadra, huleta mzio mkali wa kuhatarisha maisha. Kwa B6 halifai kabisa, na B6 ndiyo jirani ya B1 katika tembe hizo za mchanganyiko. Mtu mzima huhitaji miligramu moja na nusu hivi kwa siku. Tembe moja huweza kubeba 100 au hata 200. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu 7 waliotumia gramu 2 hadi 6 za B6 kila siku kwa miezi, wakafa ganzi miguu na kupepesuka wakitembea. Baadaye madhara kama hayo yameonekana kwa dozi ndogo zaidi zilizotumiwa kwa muda mrefu, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha juu kwa mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku. La kukera ni kwamba ganzi hiyohiyo ndiyo humrudisha mtu kemisti kununua karatasi nyingine, akidhani mishipa inadai vitamini zaidi.

Wenye upungufu wa kweli wapo, nao mara nyingi hutambulika kwa historia yao. Mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformini kwa miaka huweza kupungukiwa na B12, na ni haki yake kuomba apimwe. Asiyekula nyama, mayai wala maziwa yuko katika hatari hiyohiyo. Anayetibiwa kifua kikuu kwa isoniazidi huongezewa B6, kwa kipimo kidogo, kwa sababu dawa hiyo huipunguza mwilini. Kisha kuna mlevi wa kupindukia, na katika Kaunti ya Kiambu, ambako vita dhidi ya pombe haramu vimepiganwa kwa miaka, hilo si jambo la pembeni. Pombe na njaa humaliza B1 hadi akili ikavurugika na macho yakayumba. Mtu kama huyo akitundikiwa dripu ya glukosi peke yake ili "apate nguvu", mwili huchoma sukari kwa kutumia B1 ile kidogo iliyosalia, na ubongo huweza kuumia. Hospitalini huchomwa B1 kwanza, au pamoja na dripu. Kwake sindano hiyo ni ya dharura.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa na muda. Foleni ya Hospitali ya Level 5 ya Thika inaweza kumeza siku nzima ya kibarua, ilhali kemisti iko mlangoni. Sidharau hesabu hiyo. Lakini tembe za kila mwezi nazo ni gharama, na zinanunua ucheleweshaji. Uchovu huweza kuwa dalili ya kisukari, kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi, sonona au tezi ya shingo iliyolegea. Huweza pia kuwa upungufu wa damu, ambao utafiti wa kitaifa wa virutubisho wa mwaka 2011 uliukuta kwa takribani wajawazito wanne kati ya kila kumi. Hao huhitaji madini ya chuma na asidi ya foliki, ambazo kliniki za umma hutoa. Kipimo cha damu na cha sukari huondoa shaka nyingi. Na ikiwa tatizo ni zamu ya usiku na saa nne za usingizi, hakuna kiwanda kilichowahi kutengeneza vitamini ya kulala.

Chakula nacho kina neno. Unga laini wa mahindi uliokobolewa hupoteza sehemu kubwa ya B1, ndiyo maana tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Unga wa kinu cha mtaani kwa kawaida hauongezwi, lakini ukisagwa bila kukobolewa hubaki na B1 yake. Sahani ya githeri ya mahindi mazima na maharagwe ina B1 nyingi kuliko ugali mweupe wa unga usioongezwa vitamini, ambao wengi huuona wa hadhi zaidi.

Atakayenunua tembe hata hivyo asome miligramu za B6 kwenye pakiti, akikumbuka kwamba vinywaji vya kuongeza nguvu na multivitamini mara nyingi huwa nayo pia. Amtajie mfamasia dawa zake nyingine, hasa za kifafa, kwa kuwa B6 nyingi huweza kuzipunguza nguvu. Wiki mbili zikipita bila nafuu, aende akapimwe. Akianza kuhisi ganzi au kuwashwa nyayo, aache na kumwona daktari. Kukohoa kwa wiki mbili, kutokwa jasho usiku, kukonda bila sababu, kukosa pumzi au kinyesi cheusi havingojei wiki mbili za tembe. Aliyeandikiwa B12 au B6 na daktari kwa sababu inayojulikana ni mwingine kabisa: huyo aendelee na dozi yake, asiikatishe kwa sababu ya makala haya kabla ya kuzungumza na aliyemwandikia.