Paketi zikigombana: usibebe folda nzima kutoka Kindu

Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya katika teritwari ya Kabambare, mega za intaneti si kitu cha kuchezea. Tuseme kijana ametengeneza programu ya Python ya kuhesabu wagonjwa wa kituo cha afya kila mwezi. Jana ilitembea vizuri. Leo ameongeza paketi moja mpya, na yote imesimama. Wengi hapo wanafuta kila kitu na kupakua upya. Mega zinaisha, shida inabaki, ripoti inachelewa.

Ugomvi unatoka wapi?

Paketi ni kazi iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, ambayo programu yako inaazima. Paketi nyingi zinategemea zingine, na mara nyingi zinadai toleo fulani. Moja ikitaka toleo la 1 na nyingine toleo la 2 la kitu kilekile, haiwezekani: mafahali wawili hawakai zizi moja. Ndivyo ilivyokuwa NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024. Paketi nyingi zilizojengwa juu ya NumPy 1 zilikwama mpaka zilipotolewa upya.

Tangu toleo 3.3 la mwaka 2012, Python iko na chombo kinachoitwa venv, kinachoipa kila kazi chumba chake. Lakini tuelewane: chumba kinazuia ugomvi usiende kwa jirani. Ugomvi wa ndani ya chumba hakiuzuii.

Kabla ya kufuta kitu

Kwanza, hakikisha uko ndani ya chumba chenyewe. Andika:

`python -m pip --version`

Jibu linaonyesha njia ya folda. Kama si folda ya kazi yako, ulikuwa unaweka paketi nje. Halafu uliza nani anagombana na nani:

`python -m pip check`

Amri hii inataja paketi na toleo inalolidai, na haili hata mega moja. Ikisema hakuna shida lakini programu bado inakataa, soma mstari wa mwisho wa kosa. Ukitaja NumPy, huenda dawa ni kurudisha toleo la zamani ndani ya chumba hicho tu:

`python -m pip install "numpy<2"`

Ukilazimika kuanza upya

Usinakili folda ya chumba kwenye flashi. Ndani yake mmeandikwa njia za kompyuta ilikozaliwa, kwa hiyo ikihamia mashini nyingine mara nyingi haitembei. Beba orodha na mafaili ya paketi.

Katika orodha.txt andika tu paketi kubwa unazotumia, moja kwa kila mstari. Usichukue orodha ya chumba kilichoharibika, utahamisha ugomvi wenyewe. Ukifika Kasongo ao Kindu, penye intaneti nzuri:

`python -m pip download -r orodha.txt -d paketi`

Kama matoleo hayapatani, amri itakataa hapohapo, na utarekebisha orodha ukiwa bado mjini. Ukirudi nyumbani, fungua chumba kipya, ingia ndani, kisha:

`python -m pip install --no-index --find-links paketi -r orodha.txt`

Hapo hakuna intaneti inayohitajika.

Jambo moja linaharibu safari ya watu: kompyuta ya mjini iwe na Python ya toleo lilelile na mfumo uleule kama ya nyumbani. Angalia majina ya mafaili. Penye cp311 ni Python 3.11, penye win_amd64 ni Windows ya biti 64. Faili la cp311 kwa kawaida halikubaliki kwenye Python 3.12, hata kama umelibeba kwa pikipiki kutoka mbali.

Siku programu inatembea vizuri, ndiyo siku ya kuhifadhi orodha kamili:

`python -m pip freeze > orodha-nzuri.txt`

Weka faili hilo na folda ya paketi kwenye flashi moja na programu. Mwezi ujao ugomvi ukirudi, ripoti ya kituo haitangoja safari nyingine.