Fundi na Kibarua Si Kitu Kimoja

Kila yatangazwapo matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, vijana wengi wa Lodwar na Kakuma hujikuta katika njia panda. Aliyepata alama za kumfikisha chuo kikuu hushangiliwa, asiyezipata huambiwa, kwa sauti ya matanga, "Basi, kawe fundi." Sisi walimu tumeshiriki kosa hili. Ni nani kati yetu hajapata kumtisha mwanafunzi mvivu kwamba ataishia kuchanganya saruji?

Lugha yenyewe yatusuta. Kitenzi kufunda, yaani kumtia mtu maarifa na adabu, kimezaa funza, fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Fundi ni wa ukoo huo huo. Kwa asili ya neno, yeye na mwalimu ni ndugu. Kinyume cha fundi ni kibarua, ambaye huuza nguvu zake za siku na jioni hurudi nyumbani bila kuongeza ujuzi. Kijana atakaye kuingia katika ujenzi hana budi kuielewa tofauti hii kabla ya kushika mwiko.

Kazi ipo. Mwaka wa 2013 Lodwar ikawa makao makuu ya serikali ya kaunti. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992, na makazi jirani ya Kalobeyei yalianza kupokea wakimbizi mwaka wa 2016. Kote huko hujengwa madarasa, zahanati na nyumba. Hata hivyo, asiyechagua fani hubeba mawe leo, na miaka kumi baadaye angali akibeba.

Achague vipi? Kwanza, ashike fani moja: uashi, useremala, mabomba au umeme. Pili, atafute wa kumfunda, chuoni au chini ya fundi mwenye subira. Tatu, afanye mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA). Mtihani huo huanzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza, nao haumfungii mlango aliyejifunzia kazini. Sheria ya mwaka wa 2011 iliunda pia Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huwaidhinisha mafundi stadi na wasimamizi. Fundi wa umeme huhitaji zaidi leseni ya mamlaka ya kawi.

Wapo watakaosema kwamba cheti hakijengi ukuta. Ni kweli, lakini ujinga huubomoa. Katika jua la Turkana, zege isipotiwa maji kwa siku saba hivi hukauka upesi, ikakosa nguvu na kupasuka. Kibarua huambiwa amwagie maji. Fundi hujua sababu, na kwa hiyo haachi hata msimamizi asipokuwapo.

Wasichana nao wasiachwe nyuma. Kabla ya saruji kufika, mjenzi wa nyumba katika jamii ya Waturkana alikuwa mwanamke, aliyeunda akai kwa matawi na makuti ya mkoma. Nani basi atathubutu kusema kwamba kujenga ni kazi ya wanaume pekee?

Mwalimu mwenzangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwanafunzi wako akikuambia anataka kuwa mwashi, usimwonee huruma. Muulize amechagua nani wa kumfunda, na mtihani wa daraja la tatu ataufanya lini.