Hisabati kidato cha nne: Mada za kuanza nazo kabla ya Novemba

JIONI Msasani, mjini Tukuyu, baridi imeshaingia. Ndizi za siku zimeuzwa na mama anapiga hesabu ya faida mezani. Pembeni yake, mtoto wa kidato cha nne amefunga daftari la Hisabati. Akiulizwa, anatoa jibu linalosikika katika nyumba nyingi: hana kichwa cha hesabu.

Mara nyingi shida si kichwa. Ni mada zilizompita akiwa kidato cha kwanza na cha pili, pale lugha ya kufundishia ilipobadilika ghafla kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yanayoangusha watoto wengi zaidi. Mwaka 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyefaulu somo hilo.

Kabla ya kutafuta fedha ya tuisheni, mzazi, anza kwa kuujua mtihani wenyewe.

Karatasi ilivyo

Katika mitihani ya miaka ya karibuni, karatasi ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) ina maswali 14 kwa saa tatu. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja. Sehemu B ina maswali manne ya alama 10 kila moja. D huanzia alama 30, C alama 45, B alama 65 na A alama 75.

Maana yake ni kwamba mtoto akipata maswali matano tu ya sehemu A bila kosa, tayari ana alama 30. Akipata manane, ana 48, na hiyo ni C.

Aanzie wapi?

Kundi la kwanza ni mada ambazo nyumba inazifahamu: sehemu na asilimia, uwiano, faida na hasara, vipimo, mzingo na eneo. Mkungu wa ndizi ukinunuliwa Sh8,000 na kuuzwa Sh10,000, faida ni Sh2,000. Ni asilimia ngapi? Wengi hugawanya kwa bei ya kuuzia na kupata 20. Jibu ni 25, kwa kuwa faida hupimwa kwa bei ya kununulia. Mama wa sokoni anaweza kulisahihisha kosa hilo.

Kundi la pili ni mada zenye hatua zinazojirudia: seti, takwimu, uwezekano, logi, mfuatano wa namba na hesabu za vitabu vya biashara. Hizi hukaa kichwani kwa mazoezi ya kila siku, hata maswali matatu tu.

Kundi la tatu ni zile ambazo mara nyingi hutokea sehemu B: duara, maumbo ya pande tatu, dunia kama tufe, matriksi, funksheni, na maswali ya kutafuta faida kubwa kwa kuchora grafu. Hili la mwisho mkulima wa Rungwe analijua kwa namna yake: shamba ni hilo hilo na mbolea ni hiyo hiyo, je, viazi viwe ekari ngapi na mahindi ngapi?

Mpe mtoto karatasi aandike mada zote na kuweka alama tatu: naiweza, naisahau, sijawahi kuielewa. Zile za "naisahau" ndizo za kuanza nazo, maana hurudi upesi. Za mwisho apeleke kwa mwalimu, moja moja.

Kisha mwombe akueleze swali kwa Kiswahili. Hata kama wewe hukufika sekondari, utajua kama ameelewa. Akishindwa kulieleza, huenda kilichomkwamisha ni Kiingereza, wala si hesabu.

Usingizi nao ni somo

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Akiwa amelala, ubongo huyapanga na kuyahifadhi aliyojifunza mchana. Anayekesha hadi usiku wa manane huamka akiwa amepoteza sehemu ya alichosoma, na siku ya mtihani hukosea hata kutoa na kujumlisha.

Hofu nayo hula nafasi ile ile ya akili inayotumika kukokotoa. Tumbo au kichwa kikimuuma kila siku ya Hisabati, usimwambie anadeka. Zungumza naye, na maumivu yakiendelea mpeleke kituo cha afya.

Neno la nyumbani pia lina uzito. Mzazi anayesema "hata mimi hesabu zilinishinda, ni ya ukoo" anamfungia mtoto mlango. Hesabu ya ndizi iliyopigwa mezani jioni ile ni ushahidi kwamba ukoo huo unajua hesabu. Kesho amwachie mtoto aipige yeye.