Wi-Fi Isiyofika Chumbani: Meshi au Waya?

Malalamiko haya ni ya kawaida: intaneti hupatikana vizuri sebuleni, lakini chumbani haipatikani. Wengi hukimbilia dukani kununua kifaa cha pili. Kabla hujafanya hivyo, keti hatua mbili kutoka kwenye ruta na upime kasi. Ikiwa hata hapo intaneti inasuasua, tatizo liko kwenye huduma inayoingia nyumbani, na hakuna kisambazaji kitakachoiongeza. Anayepaswa kuulizwa ni mtoa huduma wako.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Kintinku, wilayani Manyoni: kuta za tofali za kuchoma, vyumba vitatu, na uani banda la bati lenye jiko na chumba cha mpangaji. Ruta inayotumia laini ya simu imewekwa dirishani, upande wa mnara, napo ni mahali pake. Lakini kila ukuta wa tofali hupunguza nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi, na bati huyarudisha yalikotoka. Masafa ya 5 GHz yana kasi kubwa ila hudhoofishwa upesi na kuta, ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi kwa kasi ndogo.

Mfumo wa meshi ni vifaa viwili au zaidi vinavyopokezana mawimbi bila waya. Hauhitaji kutoboa ukuta, na mpangaji anaweza kuhama nao. Kasoro yake ni kwamba kifaa kinachopokea na kurusha kwa redio ile ile kinaweza kupoteza takribani nusu ya kasi. Vyenye redio ya ziada kwa mawasiliano ya vifaa vyenyewe hupunguza hasara hiyo, japo bei yake ni kubwa zaidi. Kosa tunalopenda kulitaja ni la kuweka kifaa cha pili kwenye chumba kile kile kisichofikiwa na Wi-Fi. Hapo hakina cha kupokea. Kiwekwe katikati ya njia.

Visambazaji vya waya huunganishwa na ruta kwa kebo, ambayo ikiwa ya shaba hufaa hadi mita 100. Kasi haipotei njiani, tofali ziwe nene kiasi gani. Baadhi hupokea hata umeme kupitia kebo hiyo hiyo, hivyo betri moja ya akiba karibu na ruta huvihudumia vyote umeme unapokatika. Kati ya nyumba na banda, hata hivyo, usipitishe shaba hewani: radi ikipiga karibu, vifaa vya pande zote mbili vinaweza kuungua. Kebo ya faiba haipitishi umeme.

Kwa anayejenga, ushauri wetu ni waya. Mabomba ya kupitishia kebo yalazwe ukutani kabla ya kupiga lipu, maana baadaye gharama ni ya kubomoa. Kwa aliyepanga, meshi inatosha, naye achague yenye tundu la kebo ili aweze kuiunganisha kwa waya siku akiamua.

Dukani, uliza kama kifaa kimeidhinishwa na TCRA, soma masharti ya dhamana kabla ya kulipa, na udai risiti. Kikishafungwa, badilisha nywila ya kiwandani siku hiyo hiyo.