Mkeka Mmoja: Jioni za Katuni za Kijapani Mjini Likasi

Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, filamu haitazamwi na mtu mmoja. Katika mitaa ya Kikula na Panda, bukari, yaani ugali, ikishaliwa na vyombo vikishaoshwa, runinga ikiwashwa katika nyumba moja, watoto wa majirani huingia na kuketi mkekani. Hodi yatosha. Anayefunga mlango wakati huo huhesabiwa mchoyo sawa na anayekula kwa kujificha. Umeme nao umeikomaza desturi hii. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni yako jirani, kwenye mto Lufira, lakini yalijengwa kwa ajili ya migodi na mitambo ya shaba, na majumbani umeme hukatika mara kwa mara. Mtaa wenye mwanga hupokea wageni wa mtaa wenye giza, na siku nyingine zamu hugeuka.

Zama za kampuni ya migodi ya Union Minière, sinema ililetwa na kampuni hiyo kwenye kambi za wafanyakazi. Leo huja ndani ya flashi au simu: Naruto, One Piece, Demon Slayer, Jujutsu Kaisen, nyingi zikiwa na sauti za Kifaransa. Kifaransa hicho ni cha shule, na si kila aliyeketi anakifuata. Kwa hiyo mtu mkubwa wa jioni hiyo ni yaya, kaka au dada anayewafasiria wengine.

«Yaya, iko nasema nini?» mdogo anauliza.

Yaya hujibu kwa kusimulia. Hufupisha maneno marefu, huongeza chumvi kwenye mapigano, na ya kutisha huyaruka wadogo wakiwapo. Taratibu ni zile zile za hadithi za kuota moto: msimuliaji hakatizwi, aliyekwisha kuona hafichui mwisho, aliyechelewa hupewa kwa ufupi yaliyopita. Nchini Kenya, DJ Afro alijipatia jina kubwa kwa kusimulia filamu za kigeni. Hapa kila ua una msimuliaji wake.

Nimeketi kwenye mikeka hiyo, na Demon Slayer, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2019, ndiyo niliyoona ikipokelewa kwa haraka kuliko zote. Shujaa wake, Tanjiro, ni kijana muuza makala, yaani makaa. Anarudi kutoka kuyauza na kukuta familia yake imeuawa na zimwi. Mtoto wa Likasi hahitaji kufasiriwa maisha hayo: huwaona wanaume wakisukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makala kutoka porini, na chakula chake hupikwa kwenye mbabula, jiko la makala. Mimi hunishika zaidi lile sanduku la mbao. Ndani yake Tanjiro anambeba mgongoni dada yake Nezuko, aliyegeuka zimwi, akimtafutia dawa. Ndugu aliyeharibikiwa hatupwi. Akina mama mkekani huitikia hapo kwa sauti.

Frieren, ya mwaka 2023, naipenda kuliko zote. Frieren mwenyewe ni mchawi mwenye umri wa zaidi ya miaka elfu, aliyesafiri miaka kumi na shujaa Himmel. Himmel anapozikwa, Frieren analia kwa sababu hakujitahidi kumjua. Sisi tunaokesha kwenye kilio tukitaja matendo ya marehemu tunalielewa chozi hilo.

Wazee wana kazi kubwa kwenye mkeka huu. Watoto huuliza mbona katika katuni za Kijapani miji huteketea mara nyingi hivyo. Nkambo, yaani babu au bibi, anaweza kuwajibu kwa kutaja Shinkolobwe, mgodi ulio karibu kabisa na mji wetu: sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko. Keiji Nakazawa, aliyenusurika Hiroshima akiwa mtoto, alichora mkasa huo katika Hadashi no Gen. Mtoto wa Likasi anastahili kujua kwamba ardhi yake imo katika hadithi hiyo.

Anastahili pia kumjua Kalala Ilunga, shujaa wa masimulizi ya Waluba. Mjomba wake, mfalme Nkongolo, alimtegea shimo lenye mikuki chini ya uwanja wa ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kwa mlio, naye Kalala akaruka, akatoroka kwenda kwa baba yake, Mbidi Kiluwe, na kurudi na jeshi. Hadithi hii haipungukiwi kitu mbele ya One Piece.

Ninachohofia ni simu ya kila mtu na spika za masikioni. Kijana akitazama peke yake chumbani, hapati yaya wa kumfasiria wala nkambo wa kumjibu. Wazazi wasizipige marufuku katuni hizi. Waketi nazo, na kila jioni nkambo apewe nafasi ya hadithi yake. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi hii kwa michoro zaidi ya mia moja na kuisimulia kwa Kiswahili cha Katanga. Vijana wetu wanaojaza madaftari kwa sura za Naruto wana mikono ya kumchora Kalala Ilunga. Wazee wawape hadithi, nao watazichora.