Picha ya Nani? Chapa ya Mpigapicha na Sura ya Mpita Njia

Kiunganishi -a cha Kiswahili kina kazi nyingi, na umiliki wa picha ni mojawapo ya mahali ambapo wingi huo huleta utata. Kirai *picha ya Furaha* chaweza kueleweka kwa njia tatu: picha inayomwonyesha Furaha, picha iliyopigwa na Furaha, au picha aliyoinunua Furaha akaitundika ukutani. Muktadha ndio huamua. Enzi za studio, picha ilipokuwa kipande cha karatasi kilicholipiwa na aliyemo ndani yake, maana ya kwanza na ya tatu zilikutana kwa mtu mmoja, na utata huo haukumdhuru mtu (ingawa negativu ilibaki kabatini kwa mwenye studio, na wateja wachache waliuliza habari zake). Siku hizi picha hupigwa barabarani bila aliyemo kujua, ikasambazwa kwa simu saa ile ile, na pembeni mwake pana jina la mtu mwingine. Makala haya yanachunguza jina hilo linadai nini na linanyamazia nini, kwa kutazama hasa mashariki ya Kongo.

Kwanza istilahi. Jina hilo lililofifishwa juu ya picha wengine huliita *alama ya maji*, tafsiri ya sisisi kutoka Kiingereza. Kifaransa, lugha rasmi ya Kongo, husema *filigrane*, neno lenye asili ya Kiitalia ambalo ndani yake mna uzi na punje. Asili ya yote mawili ni utengenezaji wa karatasi: mafundi wa Fabriano, Italia, walianza kutia alama hizo mnamo mwaka 1282 ili karakana itambulikane karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga. Alama ilimtaja fundi wa karatasi, wala haikuhusu kilichoandikwa juu yake. Hapa litatumika neno *chapa*, ambalo mchungaji wa ng'ombe wa Masisi na mfanyabiashara wa Goma wote wanalielewa.

Kisheria chapa haizai haki. Mkataba wa Bern, ambao Kongo ni mwanachama wake tangu 1963, hausharti alama yoyote ili kazi ilindwe. Hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa. Hata hivyo kifungu cha 15 chasema kwamba jina likionekana juu ya kazi kwa namna ya kawaida, mwenye jina hilo huhesabiwa kuwa mtunzi mpaka ithibitishwe vingine. Chapa basi ni ushahidi, na ushahidi wenye uzito. Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa mwaka 1996 uliongeza katika kifungu cha 12 katazo la kuondoa kwa makusudi taarifa za kielektroniki zinazomtambulisha mwenye haki. Katika sheria za Kongo yenyewe, hakimiliki inasimamiwa na amri-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986.

Desturi ya kumtaja mpigapicha na kutomtaja aliyepigwa ni kongwe kuliko simu. Kadi za posta za A. C. Gomes wa Zanzibar zilichapishwa jina la kampuni, na mwanamke aliyesimama mbele ya kamera akaitwa "mwanamke wa Kiswahili" basi. Huko Kongo, Casimir Zagourski, Mpolandi mwenye studio mjini Léopoldville, alitoa katika miaka ya 1920 na 1930 mamia ya kadi chini ya jina la jumla *L'Afrique qui disparaît*, yaani Afrika inayotoweka. Kadi zina sahihi yake, nambari, na jina la kabila. Sahihi hiyo imemhifadhi Zagourski katika makumbusho ya dunia. Waliomo kadini wamebaki nambari.

Ngungu ni kituo cha biashara kusini mwa Masisi, karibu na mpaka wa Kalehe. Tangu mapigano ya Machi 1993, yaliyoanzia Ntoto huko Walikale yakaenea Masisi, watu wa eneo hili wamepigwa picha mara nyingi, na mara nyingi wakiwa njiani: godoro kichwani, mtoto mgongoni. Hadi mapema mwaka 2025 wengi wa wakimbizi wa Masisi waliishi katika kambi za kando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, na huko pia kamera ziliwafuata. Isidhaniwe kwamba wenye kamera ni wageni watupu. Mradi wa *Congo in Conversation* wa mwaka 2020, ulioongozwa na Finbarr O'Reilly kwa tuzo ya Carmignac, uliwaweka mbele wapigapicha Wakongo wenyewe. Kwa mpigapicha wa Goma chapa ni chakula. Picha ikipitishwa kwa WhatsApp hupoteza taarifa zilizofichwa ndani ya faili, na kinachosalia kumtaja mwenye kazi ni kile kinachoonekana kwa macho. Jina likikatwa pembeni, picha ya mwaka juzi huvikwa maelezo ya vita vya jana, na hakuna wa kuulizwa. Kwa sababu hiyo chapa inastahili kutetewa. Wanaoiona kuwa majivuno tu hawajaibiwa.

Lakini lugha yenyewe inaonyesha nusu iliyoachwa. Tazama sentensi hizi:

(1) Jana tulipiga picha studio.
(2) Jana tulipigwa picha barabarani.

Katika (1) wasemaji huenda hawakugusa kamera kabisa. Fundi ndiye aliyebonyeza, ilhali wao husema *tulipiga* katika kauli ya kutenda, kwa kuwa waliamua kwenda, wakachagua nguo, wakasimama, wakalipa. Sarufi haiwafanyi watendwa. Katika (2) kauli ya kutendwa inarudi, na pamoja nayo yarudi maana ya kale ya *piga*, ambayo katika *piga pasi* au *piga simu* imekwisha kufifia. Kiswahili cha Kongo husema *foto* mahali pa *picha*, lakini kitenzi ni kile kile, *kupiga foto*. Tofauti ya (1) na (2), basi, ni tofauti ya ridhaa. Chapa haiwezi kuionyesha: jina lile lile, kwa herufi zile zile, huwekwa juu ya picha ya harusi na juu ya picha ya mama aliyevamiwa na lenzi akivuka barabara.

Sheria imejaribu kuziba pengo hili, kwa hatua zisizolingana. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 22 Machi 1886 ilikwisha kumkataza mchoraji na mwenye picha kuionyesha hadharani sura ya mtu bila idhini yake. Nchini Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Kulinda Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuitangaza picha ya mteja mtandaoni pasipo ruhusa. Kongo ilipata Kanuni ya Dijitali mwaka huo huo, kwa amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi, ambayo pia inagusa data za mtu binafsi. Hata hivyo mteja wa Nairobi alikuwa na ofisi ya kuiendea. Mkazi wa Ngungu aliyekimbia bunduki ana shida nyingine: sura yake inaweza kumwambia mtu mwenye silaha kwamba fulani alipita njia ile, siku ile, pamoja na nani. Hakimiliki ya mpigapicha haina la kusema juu ya hatari hiyo, kwa kuwa haikutungwa kwa ajili yake.

Wapo wapigapicha wanaouliza kwanza, au wanaouliza baadaye na kufuta wakikataliwa, na wapo wanaoandika jina la mtu, kwa ruhusa yake, katika maelezo ya picha. Kazi hiyo ni ndogo kuliko kutengeneza chapa nzuri. Mahali ambapo jina lingemhatarisha mtu, ukimya juu ya jina ni sahihi, ila hapo inabidi kuuliza kama uso nao ulipaswa kuonekana.

Mwanamke yule akiiona picha katika simu ya jirani atasema, "Ile foto ni yangu," na jirani ataelewa mara moja, bila kulisoma jina lililo pembeni.